Kutoka Tezi hadi Omo: Tathmini ya Ziara ya Video Ndani ya HMS Terror

Mwishoni mwa Agosti 2019, Parks Canada, idara ya serikali ya Kanada inayosimamia hifadhi za taifa na maeneo ya kihistoria, ilitoa kwa umma ziara ya video ndani ya HMS Terror, meli ya matanga ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza iliyopotelea katika barafu ya Aktiki pamoja na mwenzake, HMS Erebus, katika miaka ya 1840. Ziara hiyo inatazamwa kwenye intaneti bila malipo. Nimeitazama tena na tena, nikiisimamisha na kuirudisha nyuma, na hukumu yangu naitoa mapema: hii ni miongoni mwa huduma bora za akiolojia ambazo mtu asiye mtaalamu anaweza kuzipata, na ubora wake unatokana na jambo moja, yaani kwamba inatuonyesha vitu vikiwa pale pale vilipoachwa. Upungufu nao upo, na mwingine si mdogo, lakini hauondoi thamani hiyo.

Kwa msomaji ambaye habari hii ni ngeni kwake, kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 19 Mei 1845 meli hizo mbili ziling'oa nanga Greenhithe, kwenye Mto Thames, chini ya Sir John Franklin, zikiwa na kazi ya kukamilisha uchunguzi wa Njia ya Kaskazini-Magharibi, yaani njia ya bahari inayounganisha Atlantiki na Pasifiki kwa kupitia katikati ya visiwa vya kaskazini mwa Amerika. Franklin alisafiri katika Erebus, ambayo nahodha wake alikuwa James Fitzjames. Terror iliongozwa na Francis Crozier, baharia mzaliwa wa Ireland aliyekuwa amekwisha kwenda Antaktiki na meli hiyo hiyo kati ya 1839 na 1843, katika msafara wa James Clark Ross. Hazikuwa meli dhaifu. Zote mbili ziliundwa kuwa manowari za kurusha mabomu, kwa hiyo mbao zake zilikuwa nene kuliko za meli za kawaida. Kwa safari hii omo, yaani sehemu zake za mbele, zilivikwa mabamba ya chuma, na kila moja ikatiwa injini ya mvuke iliyotolewa kwenye gari la moshi. Zilibeba chakula cha miaka mitatu, yakiwemo makopo yapatayo 8,000. Watu watano walirudishwa nyumbani kutoka Greenland. Kati ya 129 waliobaki hakurudi hata mmoja.

Majira ya baridi ya kwanza waliyapitisha Kisiwa cha Beechey, ambako walizika wenzao watatu. Septemba 1846 meli zilinaswa na barafu kaskazini-magharibi mwa Kisiwa cha King William. Taarifa iliyofichwa ndani ya rundo la mawe mahali paitwapo Victory Point, ikaja kupatikana mwaka 1859 na Luteni William Hobson, inaeleza yaliyofuata kwa mistari michache iliyoandikwa pembezoni mwa karatasi: Franklin alifariki tarehe 11 Juni 1847, maofisa 9 na mabaharia 15 walikuwa wamekwisha kufa, meli ziliachwa tarehe 22 Aprili 1848, na watu 105, chini ya Crozier, walikuwa wanajiandaa kwenda kwa miguu kuelekea Mto Back, kusini.

Kwa zaidi ya miaka 150 ushahidi wa msiba huu ulikuwa zaidi vitu vilivyookotwa na mifupa iliyotawanyika. Mwaka 1854 John Rae, mpelelezi wa nchi za Aktiki, alinunua kutoka kwa Wainuiti, wenyeji wa huko, vijiko na uma za fedha zenye nembo za familia za maofisa. Vitu hivyo vilithibitisha ni akina nani waliokufa, ila havikuweza kueleza walikufaje wala walipitia wapi, kwa sababu vilikuwa vimekwisha pita mikononi mwa watu kadhaa na kubebwa mbali na mahali pake. Tuvilinganishe na mashua iliyokutwa mwaka 1859, wakati wa msafara wa Francis Leopold McClintock, kwenye pwani ya magharibi ya Kisiwa cha King William. Ilikuwa imepandishwa juu ya kigari cha kuburuta kwenye barafu, ndani yake mna mifupa ya watu wawili, bunduki mbili, chai, chokoleti na vijiko vya fedha, nayo omo yake ilielekea upande zilikoachwa meli. Kwa kutazama mwelekeo huo tu, McClintock aliona kwamba walioiburuta huenda walikuwa wanarudi melini. Kijiko kile kile, kikiwa ndani ya mashua ile, kinakuwa sehemu ya tukio. Kikinunuliwa mbali na hapo, kinabaki kijiko chenye nembo. Tofauti hii ndiyo kipimo changu katika kuitathmini ziara ya Parks Canada.

Meli yenyewe iligunduliwa tarehe 3 Septemba 2016 na watu wa Arctic Research Foundation waliokuwa katika chombo chao Martin Bergmann. Hawakuipata kwa bahati. Sammy Kogvik, Mwinuiti wa Gjoa Haven, kijiji cha Kisiwa cha King William, aliyekuwa pamoja nao, aliwaeleza kwamba miaka kadhaa nyuma, alipokuwa akienda kuvua, aliona gogo kama mlingoti likijitokeza juu ya barafu ya Ghuba ya Terror, kusini-magharibi mwa Kisiwa cha King William. Chombo kikageuzwa, na meli ikaonekana huko. Ghuba hiyo ilikuwa imepewa jina la meli miongo mingi kabla ya hapo, wala aliyeipa jina hakujua kwamba meli ilikuwa imelala chini yake. Inakaa kwenye kina cha mita 24 hivi, ikiwa wima.

Mwaka 2019 waakiolojia wa Parks Canada hawakuingia ndani ya meli wao wenyewe, na naona uamuzi huo ulikuwa wa busara. Wapiga mbizi waliteremka hadi kwenye sitaha na kuingiza kamera ya roboti ndogo kupitia nafasi za madirisha ya kuleta mwanga yaliyokuwa sakafuni mwa sitaha ya juu. Aliyeiendesha alikuwa juu ya maji, akifuata picha kwenye kioo. Mpiga mbizi mwenye mitungi mgongoni, ndani ya korido nyembamba, hawezi kujigeuza bila kutibua mashapo, na mashapo yakishatibuliwa hakuna kinachoonekana tena kwa muda mrefu. Roboti hupita katikati ya chumba bila kugusa sakafu wala rafu. Kwa kuizamisha mara saba, waliweza kuona zaidi ya asilimia 90 ya sitaha ya chini, yaani vyumba na sehemu zipatazo 20. Picha zilizochukuliwa ndizo zilizofanywa ziara, zikiwa na maelezo ya Ryan Harris, mwakiolojia wa chini ya maji aliyeshiriki kazi hiyo, na ni faida kubwa kwa mtazamaji kwamba anayemwongoza ni mtu aliyekuwepo.

Mimi sitafuata mpangilio wa video, bali uzito wa mambo kama nilivyouona.

Sehemu iliyonishika kuliko nilivyotarajia ni ile ya omo, walikoishi mabaharia wa kawaida. Historia ya safari hii imeandikwa kwa majina ya maofisa, na vitu vingi vilivyohifadhiwa tangu karne ya 19 ni vya maofisa vilevile, kwa kuwa fedha huokotwa na bati huachwa. Humu, mbele ya kamera, kuna rafu zenye sahani zilizosimamishwa na kupangwa, na vyombo vingine vya kulia na kunywea, kana kwamba zamu ya jikoni imemaliza kazi yake. Vyote vimefunikwa tope laini lililotua polepole katika maji yasiyo na msukosuko. Mtazamaji asiharakishe hapa. Sahani ya udongo uliochomwa haielei wala haijishikizi yenyewe; ikiwa bado iko rafuni baada ya zaidi ya miaka 170, basi meli hii haikupinduka wala kupasuliwa ghafla na barafu kama wengi walivyokuwa wakiamini. Ilizama taratibu, ikatua juu ya mkuku wake, yaani uti wake wa chini. Hoja nzito kuhusu namna meli ilivyozama inasomwa katika rafu moja ya vyombo, na hilo lisingewezekana kama mtu angewahi kuzitoa sahani hizo na kuzipeleka kwenye kabati la kioo la makumbusho.

Vyumba vya maofisa vinapangwa kando ya sitaha, vidogo mno, kila kimoja na kitanda chake, meza na rafu. Kamera inapita mlangoni, inachungulia, inaendelea. Chupa zipo, vyungu vya haja ndogo vipo, samani ziko mahali pake. Hapa ziara inakwenda haraka kuliko ninavyopenda, na aliyezoea kusoma ramani ya meli atatamani kujua kila chumba kilikuwa cha nani, jambo ambalo kwa kiasi fulani linaweza kukisiwa kutokana na michoro ya meli hizi iliyohifadhiwa Uingereza.

Kisha kuna chumba kikuu cha nahodha, upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, ambacho peke yake kingetosha kuipa ziara hii heshima yake. Madirisha ya nyuma ya meli, yaliyokuwa yakimpa Crozier mwanga wa kufanyia kazi, mengi bado yana vioo vyake. Chini yake mashapo yamejaa kuliko sehemu nyingine, yamepanda hadi kufunika sehemu za chini za samani. Meza ya kuandikia imesimama. Makabati ya ramani yamesimama. Kuna kiti, kuna stendi ya miguu mitatu ya chombo cha kupimia, kuna vipimajoto, na kuna masanduku ya vyombo vya kisayansi. Msafara wa Franklin haukutumwa kutafuta njia peke yake. Ulipewa pia kazi ya kupima usumaku wa dunia na hali ya hewa, na Crozier mwenyewe alikuwa bingwa wa vipimo vya sumaku. Ukikiangalia chumba kile kwa jicho hilo unakiona kuwa ofisi ya mtu wa sayansi, na unaelewa kwamba kwa watu hawa kuandika lilikuwa jambo la kila siku, sawa na kula.

Ndiyo maana droo ni muhimu kuliko vyote. Droo za meza na za makabati zimefungwa, na baadhi zimezikwa ndani ya mashapo. Karatasi ikiachwa wazi kwenye maji ya bahari haidumu. Lakini ikiwa imebanwa ndani ya droo, imefunikwa mashapo mazito yasiyopitisha oksijeni, katika maji yaliyo karibu na nyuzi sifuri na giza lisilokatika, bakteria na viumbe vinavyokula mbao na karatasi vinakosa mazingira ya kustawi. Waakiolojia wa Parks Canada walisema waziwazi kwamba wanatarajia kuwa nyaraka zinaweza kuwa zimesalimika humo. Kumbukumbu za kila siku za Terror zikipatikana zikiwa zinasomeka, maswali yaliyochosha vizazi vya watafiti yatapata jibu: ugonjwa gani ulianza, ni lini chakula kilipunguzwa, nani aliamua meli ziachwe, na kubwa kuliko yote, kama baadhi ya watu walirudi melini baada ya Aprili 1848. Swali hili la mwisho si la kubuni. Terror imekutwa mbali upande wa kusini mwa mahali ilipoachwa, na kitu kilichoifikisha huko ni ama mwendo wa barafu peke yake ama mikono ya watu walioirudia.

Katika sitaha nzima ya chini kuna mahali pamoja ambapo kamera haikuingia. Ni chumba cha kulala cha Crozier, ambacho mlango wake ulikutwa umefungwa. Watazamaji wengi wataudhika hapa, na nimewahi kusikia hoja kwamba roboti ingeusukuma tu. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mlango uliokaa umefungwa majini kwa muda huo wote ni sehemu ya ushahidi, na chumba kilichoko nyuma yake kina mashapo yaliyotulia bila kusumbuliwa na mkondo kutoka sehemu nyingine za meli. Kuufungua kwa ajili ya picha, bila maandalizi ya kuhifadhi kitakachotoka, kungekuwa kuharibu kitu ambacho hakina cha pili chake. Kwangu mimi, hapo ndipo Parks Canada ilipoonyesha kwamba inajua kazi yake.

Sasa niseme upungufu.

Wa kwanza ni kwamba ziara ya meli haiwezi kueleza vifo vya waliosafiri nayo, na asiyejua historia atatoka akidhani kwamba kisa kinaishia chumbani mwa nahodha, ilhali watu hawa kwa wingi walifia nchi kavu na juu ya barafu. Akiolojia ya nchi kavu ndiyo iliyobeba mzigo huo, nayo haina mandhari ya kupendeza. Kisiwani Beechey, mwaka 1984 na 1986, timu ya Owen Beattie ilifukua makaburi ya John Torrington, John Hartnell na William Braine, waliokufa kati ya Januari na Aprili 1846, na kukuta miili iliyohifadhiwa na ardhi iliyoganda hata nyuso zao zikawa zinatambulika. Torrington alikuwa na miaka 20. Miili hiyo ilikuwa na dalili za maradhi ya mapafu pamoja na kiwango kikubwa cha madini ya risasi, na kwa miaka mingi lawama ikaelekezwa kwenye makopo ya chakula yaliyozibwa vibaya kwa lehemu yenye risasi. Maelezo hayo yalienea kwa sababu ni mepesi kusimulia, mkosaji wake ni mmoja, naye ana jina. Uchunguzi wa baadaye umeyapunguza nguvu. Risasi ilikuwa kila mahali katika maisha ya Uingereza ya wakati ule, na mwaka 2018 uchunguzi wa mifupa ya mabaharia wa Franklin haukuonyesha kwamba sumu hiyo ndiyo iliyowaangamiza. Anayeitazama ziara na kuziona rafu na ghala za chombo hiki apaswa kukumbuka mjadala huo, kwani siku moja huenda makopo yenyewe, yakiwa bado mahali pake, yakatoa ushahidi bora kuliko mifupa.

Kuna na lile jambo zito ambalo Uingereza ilikataa kulisikia. Rae aliporudi mwaka 1854 alileta pia maelezo ya Wainuiti kwamba watu wa mwisho, kwa njaa, walikula nyama ya wenzao waliokufa. Lady Jane Franklin, mke wa Franklin, aliyakataa, na mwandishi Charles Dickens akaandika kwa ukali dhidi ya waliotoa maelezo hayo, akiwaita watu wasioaminika. Mwaka 1997 uchunguzi ulioongozwa na Anne Keenleyside ulitangaza alama za visu kwenye mifupa 92 kutoka eneo moja la pwani ya Kisiwa cha King William. Mwaka 2021 mabaki kutoka kisiwa hicho yalitambuliwa kwa vinasaba kuwa ya John Gregory, mhandisi wa Erebus, na mwaka 2024 taya lenye alama za kukatwa lilitambuliwa kuwa la James Fitzjames, yule yule aliyeandika sehemu kubwa ya taarifa ya Victory Point. Wainuiti walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Upungufu wa pili unahusiana na hilo. Katika ziara yenyewe sauti inayoongoza ni ya mwakiolojia, na mtazamo ni wa kamera ya waakiolojia. Sitilii shaka ujuzi wao. Hata hivyo meli zote mbili zimepatikana katika sehemu ambazo Wainuiti walikuwa wamezieleza. Erebus iligunduliwa Septemba 2014 katika eneo ambalo simulizi zao huliita Utjulik, ambako tangu karne ya 19 walisema meli kubwa ilikaa kwenye barafu, watu wao wakaingia ndani na kukuta maiti ya mtu mrefu, kisha ikazama. Louie Kamookak, mwanahistoria wa Gjoa Haven aliyefariki mwaka 2018, alitumia miaka mingi kukusanya simulizi hizo kwa wazee na kuzilinganisha na maandishi ya wapelelezi. Leo eneo la mabaki linasimamiwa kwa ushirikiano kati ya Parks Canada na Wainuiti, walinzi Wainuiti hukaa karibu nalo wakati wa kiangazi, na baada ya Uingereza kukabidhi meli kwa Kanada mwaka 2018, vitu vinavyotolewa humo ni mali ya pamoja ya Kanada na Wainuiti. Yote haya yanaelezwa katika taarifa nyingine za idara hiyo, lakini mtu anayeifungua ziara peke yake anapata kidogo. Dakika chache za sauti ya mzee wa Gjoa Haven, hapo kamera inapoteremka kwenye sitaha, zingebadilisha maana ya kila picha inayofuata.

Upungufu wa tatu ni wa kiufundi, na naugusia tu. Ndani ya meli hamna mtu wala kitu cha kupimia ukubwa, kwa hiyo korido inaweza kuonekana pana kuliko ilivyo. Dawa yake ni kutumia vitu vinavyojulikana: sahani, chupa, mlango. Maelezo yanatolewa kwa Kiingereza na Kifaransa, na asiyezielewa lugha hizo bado atafaidika na picha, mradi awe amesoma kisa kabla.

Swali ambalo nimeulizwa na wasomaji wenzangu ni kwa nini ziara iwe ya Terror na si ya Erebus, meli ya kiongozi wa msafara. Jibu liko kwenye kina. Erebus iko kwenye mita 11 hivi tu, ambako mawimbi ya dhoruba yanaifikia. Sehemu za sitaha yake zimeporomoka tangu ilipogunduliwa, na ndiyo sababu kazi ya kutoa vitu imefanywa huko kwanza. Terror iko chini zaidi na imefunikwa kwa utulivu, kwa hiyo inaweza kungoja. Mwaka 2022, baada ya miaka miwili ya kusimama kwa sababu ya janga la korona, wapiga mbizi walitoa vitu 275 kutoka Erebus, kikiwemo jalada la ngozi lenye karatasi ndani yake, na kalamu ya unyoya ikiwa bado imechomekwa humo. Vitu hivyo hupelekwa kwenye maabara ya Parks Canada huko Ottawa, ambako huhifadhiwa kwenye maji na kutolewa chumvi taratibu, kwani vikikaushwa ghafla hupasuka na kusambaratika. Habari ya jalada hilo inaongeza uzito wa droo za Terror zilizofungwa: karatasi imeshaonekana kusalimika katika meli iliyo kwenye hali mbaya zaidi.

Lazima pia isemwe kwamba hakuna njia nyingine ya kuingia. Eneo la mabaki ni hifadhi ya kihistoria ya taifa, na kulifikia bila kibali ni marufuku. Ukiacha hilo, barafu hufunguka kwa wiki chache tu kwa mwaka. Mtu anayetaka kuviona vitu vilivyookotwa na wapelelezi wa karne ya 19, pamoja na karatasi ya Victory Point yenyewe, atavipata katika makusanyo ya makumbusho ya taifa ya bahari huko Greenwich, Uingereza. Vitu hivyo vinagusa moyo sana. Hata hivyo, baada ya kuitazama ziara hii, niliviona kwa namna nyingine, kwani kila kimoja kilinifanya niulize kilikuwa rafu gani, upande gani wa sitaha, karibu na nini.

Naipendekeza kwa mwalimu wa historia, kwa mwanafunzi wa akiolojia, na kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi chomboni, ambaye ataona mambo yatakayompita mtafiti wa maktabani. Haimfai anayetafuta hofu na vitisho; hakuna kitu cha namna hiyo humu, na ni jambo jema. Itazamwe kwenye kioo kikubwa kadiri inavyowezekana, kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kwa kuwa picha za mashapo ni za kijivu na simu huzimeza. Mara ya kwanza iachwe iende hadi mwisho. Mara ya pili isimamishwe kwenye rafu za sahani na kwenye meza ya nahodha, na mtazamaji ahesabu mwenyewe ni droo ngapi zinaonekana na ngapi zimezikwa. Ikiwa Parks Canada itatoa toleo jingine, ninachoomba ni kila chumba kitajwe kwa jina lake kwenye picha, mwendo wa kamera upunguzwe katika vyumba vya maofisa, na wazee wa Gjoa Haven wapewe nafasi ya kusimulia sehemu yao kwa Kiinuktituti, tafsiri ikiandikwa chini ya picha.